Naomba ushauri: kuacha king'amuzi nihamie intaneti, nyumba ya mawe Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Mkomani hapa Lamu, nataka kuacha kulipia king'amuzi manake siku hizi taarifa ya habari ya stesheni zetu yaruka laivu YouTube na filamu nyingi ziko Netflix, naona nalipa mara mbili. Shida ni bando. Netflix wenyewe wasema picha ya kawaida yala kama GB 1 kwa saa na HD mpaka GB 3, na mamangu tivii ndiyo mwenzake mchana kutwa, sitaki akose habari zake.

Nimejaribu hotspot ya simu, darini iko poa lakini chini netiweki yapotea, kuta zetu za mawe mwazijua zilivyo nene. Kushusha ubora wa picha kumesaidia kiasi, filamu nadaunlodi usiku, ila laivu ndo haiwezekani hivyo.

Sasa nyinyi mnaotumia huku kisiwani, nikiweka raota ya 4G darini nikashusha waya hadi kwa tivii itatosha ama bado itakwama? Na tivii si smati, ninunue boksi gani la Android ambalo Netflix yafunguka bila matatizo? Shukran sana.