Moto wa soko umewaunguzia wenzetu watano: tufanye nini kikoba kisisambaratike?

Mama_Viungo

Habari za humu ndani. Naomba ushauri kwa wanaovijua vizuri vikoba, vikundi hivi vya kuweka akiba na kukopeshana. Tuko 22, wengi wafanyabiashara wa soko moja. Hisa ni 2,000, mwisho hisa tano kwa wiki, mfuko wa jamii 1,000, ada ya mkopo asilimia 5 kwa mwezi. Tuko wiki ya 31 kati ya 52. Moto umeteketeza safu nzima ya vibanda, na wenzetu watano wamepoteza bidhaa zote. Kwa pamoja wanadaiwa 2,300,000, na hisa zao wote watano ni 1,040,000. Mikopo yote iliyo nje ni 5,400,000. Sandukuni kuna taslimu 1,150,000, na mfuko wa jamii una 310,000.

Kikao kimegawanyika. Wapo wanaotaka watano hao watolewe, wapo wanaotaka tugawane kilichopo kila mtu ashike njia yake, na kuna aliyependekeza twende nyumbani kwao tukachukue magodoro na televisheni. Katiba yetu inataja faini za kuchelewa tu, habari ya janga haimo. Tunakutana tena Jumamosi.

Mlezi_wa_Vikundi

Poleni sana, dada. Kabla hamjabishana, andikeni hesabu ubaoni kila mtu aione, maana hofu nyingi hapo ni ya namba ambazo hazijapigwa.

Deni ni 2,300,000, lakini hisa za wadaiwa, 1,040,000, bado ni mali iliyo mikononi mwa kikundi. Kwa hiyo kilicho hatarini ni 1,260,000. Hata wasiporejesha shilingi moja, hasara hiyo kwa watu 17 ni wastani wa kama 74,000 kwa kila mmoja. Inauma, ila haiui kikundi.

Sasa pigeni hesabu ya kugawana leo. Taslimu ni 1,150,000 tu, kwa watu 17 ni kama 68,000 kila mmoja, wakati aliyenunua hisa nne kila wiki ameshaweka 248,000. Zile 3,100,000 zilizo kwa wakopaji wengine nani atazifuata, kikao kikiwa hakipo tena? Mkopaji hurejesha kwa sababu Jumamosi ijayo atakaa mbele ya wenzake, na kwa sababu anataka kukopa tena. Mkigawana, sababu zote mbili zimekufa, hata kwa wale ambao moto haukuwagusa.

Ningefanya hivi. Ada ya mkopo isimame kuanzia siku ya moto, libaki deni la siku hiyo peke yake. Deni linaloendelea kukua wakati mtu hana biashara ndilo humfanya akimbie, na wengi hukimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno, ili kulilipa lile la kikoba. Kisha wapeni wiki 4 bila marejesho. Kuanzia hapo, deni la wastani ni 460,000 kwa mtu. Ondoeni hisa zake 208,000, zibaki 252,000. Akirejesha 18,000 kwa wiki, anamaliza kwa wiki 14, yaani wiki ya 49, na kugawana ni wiki ya 52. Hisa zake zikatwe siku ya kugawana, msizikate leo. Akiona daftari lake limefutwa lote, hana tena cha kumrudisha kikaoni.

Katika muda huo wasilazimishwe kununua hisa. Kuhudhuria walazimike, na 1,000 ya mfuko wa jamii waendelee kuitoa. Anayeacha kuja vikao viwili mfululizo ndiye wa kufuatwa, mapema, na watu wawili anaowaheshimu.

Hesabu_Wazi

Nakubaliana na mlezi isipokuwa jambo moja analoliruka: hiyo 18,000 kwa wiki itatoka wapi kwa mtu asiye na hata fungu la nyanya? Ratiba bila mtaji ni karatasi tu.

Msiwape mkopo mpya juu ya deni. Ndipo vikundi vingi huzama, kwa sababu deni la pili hulipa la kwanza na daftari linaonekana zuri huku pesa haipo. Tumieni mfuko wa jamii, kazi yake ndiyo hii. Ila msiukombe. Wapeni 40,000 kila mmoja, jumla 200,000, ibaki 110,000 kwa msiba au ugonjwa utakaotokea wiki ijayo. Isiwe mkopo, iwe msaada usiorudishwa, na iandikwe hivyo, la sivyo baada ya miezi mitatu mtagombana kama ilikuwa mkopo au zawadi. Mkitaka kuongeza, changizo la mara moja la 5,000 kwa wale 17 ni 85,000, yaani 17,000 zaidi kwa kila mmoja. Kwa 57,000 mtu anaweza kuanza na mboga au viungo vya kupima, vitu vinavyozunguka kwa siku moja au mbili.

Pesa hiyo isichanganywe na hisa hata kwa saa moja. Mfuko wa jamii una kifuko chake ndani ya sanduku na daftari lake.

Chama_Mvita

Pole dadangu, salamu kutoka Mombasa. Huku chama, ndivyo tunavyoita kikoba, kikifika hapo mara nyingi shida huwa ilianza zamani. Tazama namba zako: 2,300,000 kati ya 5,400,000 ni karibu asilimia 43 ya mikopo yote, na yote iko kwenye safu moja ya vibanda. Biashara moja, mahali pamoja, moto mmoja. Angalieni na wadhamini. Ikiwa A alimdhamini B, B akamdhamini C, na C akamdhamini A, hamkuwa na mdhamini hata mmoja. Mdhamini atoke safu nyingine au biashara nyingine, na mtu asidhamini zaidi ya mikopo miwili kwa wakati mmoja. Mzunguko ujao mkopo usizidi mara moja na nusu ya hisa hadi mfuko usimame tena. Kikomo cha mara tatu ya hisa ni kizuri siku za neema, lakini mtu mwenye hisa 200,000 akikopa 600,000, 400,000 ni ya wenzake.

Magodoro msiyaguse! Kuingia nyumba ya mtu na kubeba mali bila amri ya mahakama kunaweza kuwafanya nyinyi ndio washtakiwa. Na bei ya televisheni iliyotumika haiwezi kufuta mnachodai, ila watoto wa nyumba hiyo hawatawasahau. Majina ya wadaiwa pia yasitajwe kwenye grupu la WhatsApp. Yasomwe kikaoni, mbele ya mwenyewe.

Mama_Viungo

Asanteni sana, nimeandika yote. Swali moja: kati ya hao watano, mmoja alikuwa hajarejesha kitu miezi miwili kabla ya moto. Naye aingie kwenye msamaha wa ada?

Mlezi_wa_Vikundi

Swali zuri, na wenzako watalileta tu, bora ulitangulie. Fungueni daftari lake kikaoni. Ada ya miezi miwili ya kabla ya moto anadaiwa kama kawaida, pamoja na faini zake; ada ya baada ya moto isimame kama ya wenzake wanne. Msaada wa 40,000 apewe, kwa sababu bidhaa zake nazo zimeungua. Lakini ratiba yake isainiwe na mdhamini wake aliyesimama imara, na marejesho yaanze wiki ya pili badala ya ya tano, hata kama ni 5,000. Asiyeweza na asiyetaka hujulikana kwa kiasi kidogo: asiyeweza ataleta 3,000 na kueleza, asiyetaka hatakuja.

Jumamosi hiyo hiyo andikeni kifungu cha janga kwenye katiba: moto, mafuriko, kulazwa hospitali, kifo, nani anathibitisha, ada inasimama wiki ngapi, msaada ni kiasi gani. Kwenye misiba tajeni jamaa kwa majina ya uhusiano: mwanachama, mwenza, mtoto, mzazi wa kuzaa. Mkiongeza wakwe, watu 22 wanaweza kuwa na wazee hadi 88, na mfuko wenu unaingiza 22,000 kwa wiki. Wanachama wote wasaini, nakala ipelekwe kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na hesabu za kufunga kikao zitangazwe kwa sauti kabla kufuli tatu za sanduku hazijafungwa: taslimu kiasi gani, mfuko wa jamii kiasi gani, mikopo iliyo nje kiasi gani.