Mjadala: Cherehani iko sebuleni, leseni ya nini?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno. Mtu anayefanya biashara ndani ya nyumba anayolala, alazimike kuwa na leseni na vibali vya halmashauri, au aachwe mpaka atakapopata fremu?

Kisa chenyewe ni hiki. Wifi yangu ni fundi cherehani hapa Dar. Amepanga chumba na sebule, cherehani mbili ziko sebuleni, moja yake na moja ya binti anayemsaidia. Miaka mitatu hakuna aliyemuuliza kitu. Mwaka huu Idi ilipokaribia akaona aweke kibao getini: "Fundi wa kike yupo. Magauni, sare za shule." Hakikumaliza wiki mbili. Walikuja watu wawili wa halmashauri, wastaarabu tu, wakauliza leseni. Hana. Wakampa siku 14.

Hakubisha, alianza kufuatilia. Leseni siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa Tausi, simu anayo. Lakini kabla ya leseni kuna namba ya mlipakodi, na kabla ya namba kuna barua ya serikali ya mtaa inayoonyesha biashara iko wapi. Barua akaipata. Kilichobaki ni mkataba wa pango, na mwenye nyumba akagoma kuandika. Safari ikaishia hapo. Kibao sasa kiko nyuma ya mlango, cherehani zinaendelea na kazi, pazia limeshushwa.

Mimi naona leseni yetu imekatwa kwa kipimo cha duka. Sheria yenyewe, ya mwaka 1972, inamwona mfanyabiashara kama mtu mwenye mlango wake unaotazama njia, na karatasi ya mlango huo. Mpangaji wa chumba na sebule hana vyote viwili. Matokeo yake anayejificha anapona, anayejitangaza anapewa siku 14. Wifi yangu alikuwa anashona tangu zamani. Kosa lake jipya lilikuwa kibao.

Jirani wa mchomeleaji

Mleta mada, wifi yako namhurumia, ila mnapotetea biashara za nyumbani mifano yenu ni cherehani na vitumbua tu. Hamia kwangu wiki moja. Jirani yangu anachomelea mageti uani, ukuta wetu ni mmoja. Grinda inalia kabla ya saa moja asubuhi na mwanangu ana miezi minne. Akipuliza rangi, upepo unaileta kwenye nepi nilizoanika. Nilikwenda kwa mjumbe, akanijibu, "Ni mtafutaji mwenzako, vumilianeni." Nikaenda kwa mtendaji, tukaitwa wote wawili, jamaa akaahidi kuanza saa mbili. Aliitimiza ahadi siku nne.

Kanuni za kelele zipo tangu 2015 chini ya sheria ya mazingira, maeneo ya makazi yana kiwango chake na usiku kinabana zaidi. Nani atakuja na kipimo cha kelele kwenye uchochoro wetu? Leseni ndiyo kamba pekee iliyobaki ya kumvuta mtu. Mkiikata, mimi nishike nini?

Afisa biashara mstaafu, Morogoro

Wanangu, mnatia mambo matatu kwenye sufuria moja. Nimekaa dirishani kwenye leseni miaka mingi, niruhusuni niyatenganishe.

Leseni inakupa ruhusa ya kufanya biashara, basi. Zile za kundi A zinatolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, za kundi B, ambako fundi cherehani na mwenye genge wapo, zinatolewa na halmashauri. Grinda haikuandikwa humo. Ardhi ni jambo la pili: kama hati inasema kiwanja ni cha makazi, kukigeuza karakana kunahitaji kibali cha kubadili matumizi, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inawapa majirani nafasi ya kupinga. Mama mwenye mtoto mchanga, silaha yako iko huko. Jambo la tatu ni afya. Anayepika kwa ajili ya kuuza ajue bwana afya ana haki ya kuingia jikoni, na wanaoshika chakula wanapimwa. Tena tangu 2019 usajili wa majengo ya chakula umehamia TBS, shirika la viwango.

Sasa nikiri. Sehemu kubwa ya mitaa ya Dar, na hata huku kwetu, haijapimwa. Hakuna hati wala ramani ya mipango miji. Utabadilishaje matumizi ya kiwanja ambacho serikali haijawahi kukiandikia matumizi? Ile silaha niliyokupa, mama, huenda ukakuta haina risasi. Ndiyo maana kila kitu kinarudi kwenye leseni, hata yasiyo ya leseni.

Na mleta mada usiilaumu ada. Mwaka 2004 biashara zenye mauzo yasiyozidi milioni 20 kwa mwaka zilisamehewa ada ya leseni, baadaye ikarudishwa. Katika vipindi vyote viwili niliwaona watu wakirudi nyumbani mikono mitupu, na waliokosa hela walikuwa wachache. Wengi walikosa karatasi.

Mwenye nyumba, Kinyerezi

Naona lawama zote zimeanza kutua kwetu, basi nami niseme.

Mpangaji akishapeleka mkataba kwa ajili ya biashara, mkataba ule unalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Inakuja kodi ya zuio, asilimia 10. Kisheria mpangaji anakata kwenye pango langu anaipeleka. Huku uswahilini anakuja mlangoni jioni, "Mama, hii ya zuio unalipa wewe au niitoe kwenye ile ya miezi sita?" Urafiki unaishia hapo. Chumba hicho hicho nikimpangisha karani, hakuna anayeulizia mkataba. Kodi ya jengo nakatwa kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi, wala sijalalamika. Lakini msinitake niandike karatasi ya kuniongezea madeni ili mtu mwingine apate leseni. Nyie mngeandika?

Halafu kuna umeme, ambao hakuna aliyeutaja. Vyumba vyangu viwili vya uani vina mita moja, ilikuwa kwenye ile tarifu ya majumbani ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti. Akaja binti wa keki na oveni yake ya umeme. Haikuchukua muda tukahamishwa tarifu, bei ya uniti ikawa karibu mara tatu. Chumba cha pili anakaa mlinzi, ana taa mbili na redio. Mlinzi akawa analipia keki ambazo hakuwahi kuonja. Sikumfukuza yule binti, nilimwambia anunue oveni ya gesi. Kwa hiyo mkisema "biashara yangu haimsumbui mtu", mmemuuliza mlinzi?

Muuza mashuka, Sinza

Nawasoma huku nafunga mizigo. Duka langu ni simu. Mashuka na mapazia natoa Kariakoo, yanalala uvunguni, boda anakuja kuchukua. Afisa anaweza kupita mtaa wetu mwaka mzima akaona nguo za watoto kwenye kamba tu. Na wateja wangu wengi wako Mwanza na Mbeya, sasa hiyo leseni ya halmashauri ni ya mahali ninapolala au ninapouza?

Nilikuwa nikijiona mjanja mpaka hoteli moja iliponitafuta, wanataka mapazia ya vyumba 30. Swali la kwanza: leseni. La pili: risiti ya mashine. Nikabaki nakodoa macho, kazi ikachukuliwa na mwenye fremu ambaye mzigo ananunua kwa jumla kwangu mimi. Mwaka jana tena, na wenzangu wanne, tulifuata mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Wakaguzi wa mkopo wakataka kuona biashara ilipo. Unamwonyesha mtu uvungu?

Kwa hiyo mleta mada sikubaliani na "tuachwe". Mimi nataka kuonekana. Ila sina mlango wa kuonyesha.

Kutoka Kisauni, Mombasa

Huku kwetu leseni ni mambo ya kaunti tangu Katiba ya 2010, na askari wao tunawaita kanjo. Mama akikaanga mahamri na viazi karai kibarazani mwake, watu wa mtaa wakaja na sahani zao, kanjo hupita akasalimu. Akivuka mtaro tu na meza yake, ishakuwa habari nyingine, atoe ada ya siku. Hakuna kitabu kilichoandika habari ya mtaro, lakini kila mtu yuajua mpaka ni pale. Sisemi ni haki. Nasema hata nyinyi mna mtaro wenu, na wifi yake ndugu yetu aliuvuka kwa kile kibao.

Mleta mada

Mzee wa Morogoro, shikamoo, na ahsante kwa darasa. Nimeguswa na mlinzi kuliko nilivyotarajia. Narudi nyuma hatua moja, si zote.

Tutofautishe kinachotoka nje ya ukuta. Moto mkubwa, chuma, rangi ya kupuliza, muziki, jenereta: hao waombe kibali, na majirani waulizwe kabla mashine haijafungwa. Fundi cherehani, msusi, mwenye barafu za ukwaju kwenye friji, muuza mashuka: hao watoe taarifa tu. Waende kwa mtendaji wa mtaa na namba ya NIDA, waandikishe wanafanya nini na saa ngapi, wapewe karatasi inayotambulika hata hotelini. Mkataba wa pango usiulizwe kabisa. Hapo mama wa Kinyerezi anabaki salama na kodi yake ya zuio, akutane nayo mwenyewe.

Na msiniambie haiwezekani. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Vilikuwa na kasoro zake, lakini shangazi yangu wa karanga alipewa chake bila kuulizwa mwenye nyumba anasemaje. Serikali ilimtambua mtu, fremu haikuulizwa.

Jirani wa mchomeleaji

Sawa, na mchomeleaji ataandika nini kwenye taarifa yake? Ataandika "fundi mdogo". Naye hakuanza na mageti. Alianza na vitanda viwili vya harusi ya mdogo wake, tena tulimpongeza. Mwezi uliofuata dirisha la jirani. Leo ana vijana watatu na lori linaziba njia. Siku ipi hasa alipaswa kutoka kwenye daftari la taarifa aingie la vibali, na nani angemhamisha? Mtendaji wetu ni mmoja. Asubuhi barua za dhamana, mchana ugomvi wa mipaka, jioni taka.

Afisa biashara mstaafu, Morogoro

Hilo swali la siku ipi sikuwahi kulipatia jibu dirishani. Tulikuwa tunangoja jirani alalamike. Kwa hiyo mama, endelea kulalamika, tena kwa maandishi, ubaki na nakala yenye mhuri. Malalamiko ya mdomo kwa mjumbe hayaingii kwenye faili lolote.

Muuza mashuka, Sinza

Mleta mada, hiyo karatasi yako ya mtaa, hoteli wataikubali? Wao wanafuata mkaguzi wao wa hesabu. Hilo usiliache hewani.

Mwenye nyumba, Kinyerezi

Wewe mleta mada, mwambie wifi yako aje anione. Nina chumba cha mbele kinaachwa mwisho wa mwezi, dirisha linatazama njia, cherehani mbili zinaenea. Kibao aweke tu. Ila mkataba siandiki.