PCR (kunakili DNA mara nyingi kwenye mrija): mrija wa maji matupu unatoa mstari kwenye jeli (inayotenganisha DNA kwa urefu)

Swali (Bukavu): Wakubwa, nafanya PCR ya mikrolita 25, mizunguko 40 ya kunakili. Mrija usio na DNA unatoa mstari wa besi (herufi za DNA) 300, sawasawa na sampuli. Ni praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) zinashikana zenyewe?

Jibu (Goma): Hapana ndugu, hizo hutoa ukungu chini ya besi 100. Huo ni uchafuzi: DNA ya PCR zilizopita imeingia kwenye maji au praima. Tupa vyote vilivyofunguliwa, gawa vipya katika mirija midogo. Pangusa meza na pipeti kwa javeli (dawa ya klorini) 10%, ngoja dakika 10, suuza. Mirija iliyokwisha kufanyiwa PCR usiifungue kamwe chumba cha kuchanganyia!

Jibu (Lubumbashi): Punguza mizunguko hadi 30. Arobaini inakuza hata molekuli chache.