Mrejesho: Mlima Meru, nimefika kileleni

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama mwenye goti bovu apande Meru kwa siku 3 au 4, mkasema 4. Asanteni sana, mmeniokoa.

Siku ya pili, baada ya kufika Saddle (kambi ya mwisho kabla ya kilele), nilipanda Little Meru, kilele kidogo cha jirani, jioni ili mwili uzoee hewa ya juu, na usiku kichwa hakikuuma. Tukaondoka kuelekea kileleni saa saba usiku. Baada ya Rhino Point, sehemu moja njiani, kuna miamba ya kushika kwa mikono; hapo niliogopa kweli. Kulipopambazuka, Kilimanjaro ikaonekana juu ya mawingu. Nililia.

Goti? Kupanda halikusumbua. Kushuka ndiko kulikonitesa, hasa zile ngazi kabla ya Miriakamba, kambi ya chini. Fimbo mbili za kutembelea, tafadhali msiziache nyumbani.