Tupeane uzoefu: wana aikido (sanaa ya kujihami ya Kijapani) wa Arusha na Moshi, ulijuaje kwamba umepiga hatua?

Wakuu, habari za jioni.

Jana nafunga gereji, dogo mmoja anayecheza ngumi akaniuliza, "Braza, hiyo aikido yenu haina hata pambano moja, unajuaje kama umekuwa?" Nikacheka, ila swali likanitafuna njia nzima mpaka Ngarenaro. Mzee Morihei Ueshiba (1883–1969), mwanzilishi wetu, hakutaka mashindano. Mwanafunzi wake Kenji Tomiki ndiye aliyekuja kuanzisha mtindo wenye mashindano, lakini sisi wengi tuko upande usio na refa wala medali. Mkanda upo, sawa, ila mkanda unafungwa na mtu mwingine. Mimi nauliza kile ulichokiona mwenyewe.

Naanza. Niliingia nina miaka 34, kitambi kinatangulia. Ukumbi wa kukodi, sakafu ya saruji, juu yake maranda ya paina tuliyoomba kwa maseremala, halafu turubai limevutwa likafungwa kamba. Ukibingirika vizuri, maranda yanalia kidogo tu kama mtu anayegeuka kitandani. Ukianguka vibaya ukumbi mzima unasikia: pu! Miezi minne nilikuwa mtu wa pu.

Kisha ikkyo, yaani funzo la kwanza. Mwenzako anashusha mkono kama anapasua kuni, unakutana nao kabla haujapata uzito, unadhibiti kiwiko na kifundo mpaka alale kifudifudi. Kwa mdomo ni rahisi. Nikapangwa na mama mmoja muuza mitumba, sidhani kama anafika kilo 55. Mimi mtu wa kufungua nati za lori! Nikasukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama, mama katulia, ananiangalia kama anayesubiri chenji. Akasema, "Baba, hiyo ni mikono tu. Miguu umeiacha nyumbani?" Mwalimu alikuwa pembeni, hakuongeza neno.

Mwaka wa pili akaja mteja gereji amewaka. Gari lake lilikuwa limezidisha siku tatu, na kosa lilikuwa langu, nilichelewa kuagiza kipuri. Akanikamata ukosi. Sikupanga chochote. Mguu ulikanyaga ubavuni kwake, mwili ukageuka, ile tenkan tunayorudia kila siku mpaka inachosha, tukajikuta bega kwa bega, wote tunaangalia injini. Mkono wake bado umeshika ukosi lakini hauna pa kuvutia. Nikamwambia, "Pole mzee, ngoja nikuonyeshe inapovuja." Akaachia. Hakuanguka mtu.

Hiyo ndiyo yangu. Tiririkeni.

Mgumu wa Marangu
Shimboni wakuu. Mimi nabeba mizigo mlimani. Zamani, hata sijasikia neno aikido, niliteleza kwenye tope getini nikatanguliza kiganja. Kifundo kikavunjika, nikafungwa hogo, msimu ukanipita nikiwa nyumbani nakula akiba. Sasa juzi nilipanda kusaidia kumshusha mgeni kutoka Gilman's, kule juu Kilimanjaro. Wanaoijua ile changarawe wanaelewa, unashuka na mlima wenyewe unashuka. Mguu ukakwama kwenye jiwe, nikaruka mzima mzima. Kidevu kikaingia kifuani, mkono ukajikunja, bega likapokea, nikaibuka nimesimama. Mgeni akapiga makofi akidhani namfanyia maonyesho. Magoti yalitetemeka mpaka kambi ya Kibo, lakini kiganja hakikugusa chini.

Chalii wa Kaloleni
Mleta uzi, heshima yako, ila huyo mteja angerusha ngumi je? Nimewaangalia mnavyofanya. Mmoja anamshika mwenzake mkono, anasubiri azungushwe, anaanguka kwa adabu. Mtaani nani anakushika kifundo akasubiri?

Mleta uzi
Chalii wangu, ngumi ya kwanza pengine ingenipata, sidanganyi mtu hapa. Anayetaka kupigana mwezi ujao aje kwenu kwenye ngumi, mna mbinu za haraka. Ila kuhusu kuanguka kwa adabu, karibu Alhamisi nikushike kotegaeshi, ile ya kugeuza kifundo cha mkono, taratibu, uone kama unaanguka kwa hiari.

Mama Wawili Pasua
Naomba niguse mikanda kwanza. Makao makuu ya Aikikai, chama kikubwa cha aikido, kule Tokyo yanahesabu siku ulizokanyaga mkeka: zisizopungua 30 kwa kyu (daraja za kabla ya mkanda mweusi) ya tano, 40 ya nne, 50 ya tatu, 50 ya pili, 60 ya kwanza, halafu 70 ndipo shodan, mkanda mweusi wa kwanza. Jumlisha, ni 300. Matawi mengine yana hesabu zake. Mimi natoka Moshi kila Jumamosi, kilomita 80 za basi, na kuna Jumamosi za msiba, za harusi, za mtoto ana homa. Piga hesabu mwenyewe nitafika lini. Na nikifika, hiyo "sho" ya shodan maana yake mwanzo! Nilicheka nilipoambiwa, ila si kicheko cha furaha.

Sasa jibu langu. Sehemu niliyojifunzia zamani, mkubwa wetu mmoja alinigeuza kotegaeshi kwa sifa, kulikuwa na wageni wanatazama. Nimegonga mkeka mara mbili, ishara ya kuomba uachiwe, hakuachia. Kifundo kikavimba, mwezi mzima sikuweza kukamua nguo, binti yangu ndiye alifua. Niliacha mazoezi miaka miwili.

Niliporudi, huku tulipo sasa, nikapewa kijana mgeni, mikono migumu kwa woga. Nikamgeuza kotegaeshi hiyohiyo. Katikati nikahisi kifundo chake kimefika mwisho, kama mfuniko wa chupa unapokaribia kukaza, nikasimama hapohapo. Hakuwa amegonga bado. Akaniuliza, "Mama, mbona umeacha?" Nikamwambia tuendelee upande wa pili. Siku hiyo kwenye basi sikusinzia mpaka Boma Ng'ombe.

Cherehani Sekei
Mimi ni seiza tu. Mwanzo dakika moja ya kukaa juu ya visigino nilikuwa naomba Mungu mwalimu afupishe maneno. Juzi kazungumza dakika kumi nikagundua nimemsikiliza. Miguu ilikuwa imekufa ganzi lakini nimemsikiliza.

Chalii wa Kaloleni
Mama Wawili, hiyo ya kifundo nimeielewa. Hata kwenye ngumi tuna jamaa anayepiga kwa nguvu zote siku ya mazoezi mepesi, hakuna anayetaka kupangwa naye. Alhamisi saa ngapi?

Mleta uzi
Saa kumi na mbili jioni, mdogo wangu. Kata kucha.

Bibi Shamba Rau
Wanangu, nina miaka 58 na goti la kushoto linalia likipanda ngazi. Nimechelewa?

Mleta uzi
Shikamoo mama. Tunaye mzee wa 61, yeye habingiriki kutoka wima. Anaanzia chini, amekaa, anajilaza nyuma upande kwa upande mpaka mgongo uzoee, na zile za kutembea kwa magoti tumemsamehe. Njoo na suruali ndefu laini na kitenge cha kujifunika ukimaliza, maana Julai hii Arusha jasho likikauka unatetemeka. Ukifika stendi piga simu, Mama Wawili huwa anapita hapo na basi la asubuhi.

Mama Wawili Pasua
Bibi, kiti cha dirishani nakushikia mimi.