Dizeli: tusubiri ya Hoima au tudai safi leo?

Wa Jinja: Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kikomo cha salfa, ile kemikali inayochafua moshi, kuwa sehemu 50 kwa milioni katika dizeli. Ulaya ni 10 tangu 2009. Tudai 10 sasa, au tusubiri kiwanda cha kusafisha mafuta cha Kabaale, kule Hoima?

Mama Kato: Hiyo 50 iko kwenye karatasi tu. Madereva wa tangi wakishavuka mpaka wa Malaba wanatia mafuta ya taa. Nina mashine ya kusaga mahindi. Makanika amenifungulia pampu, ndani imekwanguka kama imepigwa msasa.

Tangi Busia: Shikamoo mama, lakini hapo umetutukana. Kila mfuniko wa tangi una sili, na namba yake iko kwenye hati. Ikikatika moja, nalala ndani. Hiyo taa naimiminia wapi?

Kafulu: Sili! Mwenye sili si ndiye mnayekula naye rolex, chapati ya mayai, pale mpakani?

Tangi Busia: Wewe umewahi kulala Malaba siku tatu foleni na mvua? Nyamaza.

Mzee Tororo: Vijana, salfa. Hii 50 ilianza 2014, au?

Wa Jinja: Januari 2015, mzee. Kenya kabla ya hapo ilikuwa 500. Na mafuta ghafi ya Ziwa Albert yana salfa kidogo. Shida yake ni nta, ndiyo maana bomba la kuyapeleka Tanga, kilomita 1,443, lazima lipashwe moto. Kwa hiyo Hoima...

Kafulu: Hoima, Hoima. Mapipa 60,000 kwa siku, tunayasikia tangu naenda shule peku. Wakenya angalau 2018 waliipandishia taa ushuru, uchanganyaji usilipe.

Tangi Busia: Kwa hiyo hata huko wachanganyaji walikuwepo. Mbona hapa ni dereva tu? Kachungulieni vituo saa nane za usiku.

Mama Kato: Mwanangu, sikukutaja wewe.

Tangi Busia: Ulisema madereva, mama. Mimi ni nani? Dizeli ya mashine unanunuaje?

Mama Kato: Kwa jerikeni, lita ishirini. Kijana wa boda ananiletea.

Tangi Busia: Jerikeni la nani?

Mama Kato: Langu.

Tangi Busia: Kabla ya dizeli lilikuwa la nini?

Kafulu: Mama Kato? Upo?

Mama Kato: La taa. Lakini nililisuuza.