Mafundi, mlio wa nyuma siyo lazima uwe shokapu! Mnatumaliza hela bure

Wakuu, leo salamu fupi maana nina hasira. Gari yangu ni ya michezo, milango miwili, injini iko mbele na nguvu inaenda nyuma, suspenshen ya nyuma ni ile ya maamu mengi (vyuma kadhaa vinavyoshikilia kila tairi). Ikaanza kugonga nyuma. Ko. Ko-ko. Mlio mkavu, wa chuma, unausikia ukitembea taratibu kwenye barabara yenye vishimo vidogo vidogo, ukiingia lami safi kimyaa kama hakuna kitu. Nikaipeleka gereji, tena ile inayojisifu kwamba magari ya aina hii ndo kazi yao.

Fundi hakukaa ndani ya gari hata dakika moja. Kaipandisha kwenye lifti, kashika tairi la kulia (maana nilimwambia mlio nausikia kulia), katikisa juu chini, kashuka na hukumu: shokapu zimekufa zote mbili. Namuuliza mbona hazivuji, ananiambia "bosi hizi hazionyeshagi". Sawa, zikafungwa mpya. Natoka getini tu, ko-ko-ko, ile ile haijapungua hata kidogo. Narudi, wananiambia basi ni springi. Springi zikatoka, zikaangaliwa, nzima, hakuna iliyokatika, zikarudi, na hela ya ufundi nikalipa kama kawaida. Mara ya mwisho mkubwa wao mwenyewe ananishika bega ananiambia gari za michezo ndivyo zilivyo, suspenshen ngumu, utazoea tu.

Nizoee nini?? Ugumu na kugonga wapi na wapi! Suspenshen ngumu inakurusha kwenye kiti, unaumia mgongo, lakini inakurusha kimya. Ikigonga maana yake kuna sehemu ina nafasi ambayo haitakiwi kuwepo. Naelewa kuna watu wamefunga koilova (shokapu na springi kitu kimoja, unarekebisha kimo) zenye maunti za juu, yaani vishikizo, za bolijointi ya chuma badala ya raba, hizo kelele kiasi zipo na zikichakaa ndo zinazidi, lakini yangu imefungwa vitu vya kiwandani tupu, mnanipa hiyo hadithi ya nini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeniuliza INALIA LINI. Swali la bure kabisa. Daktari akikuona unashika tumbo anakuuliza linauma kabla ya kula au baada ya kula, hakati hapo hapo. Ungeniuliza ningekwambia hivi: nikipita tuta la kunyooka, matairi yote mawili ya nyuma yanapanda kwa pamoja, halii. Nikipita shimo la upande mmoja, au nikiingia mahali kwa mshazari, tairi moja juu lingine chini, hapo ndo linagonga. Fundi anayejua kazi akisikia hivyo anawaza stabilaiza kwanza, ile nondo inayounganisha tairi la kushoto na la kulia ili gari isilale kwenye kona, kwa sababu ile nondo haifanyi kazi matairi yakipanda pamoja, inazunguka tu kwenye bushi zake (raba zinazoishikilia). Inabeba mzigo pale upande mmoja unapotofautiana na mwingine. Kwa hiyo linki zake (vyuma vifupi vyenye jointi vinavyoishika kwenye amu) au bushi zake zikiisha utazisikia hapo hapo, na spidi ndogo ndo zinaongea zaidi maana hakuna kelele nyingine ya kuzifunika.

Halafu hiyo tabia ya kutikisa tairi gari ikiwa hewani! Gari ikining'inia kwenye lifti, magurudumu yote mawili ya nyuma yameshuka chini kabisa, maamu yamevutika, bushi zimejipinda, jointi imekazwa upande mmoja, ile nafasi inayogonga barabarani huioni tena. Utatikisa mpaka jioni na utasema gari nzima, au utabuni ugonjwa. Gari inatakiwa ikaguliwe ikiwa imekalia matairi yake, kwenye shimo la gereji au lifti ya kupandia na matairi, au kama huna hivyo basi weka jeki chini ya amu upandishe mpaka ifike kimo chake cha kawaida, halafu ndo uchukue taimbari (mtaimbo) uanze kusukuma jointi moja moja huku mwenzako ameweka mkono anasikilizia.

Aliyenisaidia ni jamaa mmoja fundi anayejitegemea, hana hata lifti. Kanisikiliza, kaingia chini, kafungua linki za stabilaiza pande zote mbili, kaifunga ile nondo kwa waya isigonge, tukazunguka nayo taratibu kwenye barabara ile ile mbovu. KIMYA. (Msije mkakimbiza gari hivyo hivyo kwenye kona, bila stabilaiza inalala vibaya na haitabiriki.) Na mbovu ilikuwa linki ya KUSHOTO, wakuu, wakati mimi nilikuwa naapa mlio uko kulia. Sauti inasafiri kwenye chuma, inapita kwenye nondo na bodi inakutokea inapotaka, ndo maana wenye vifaa wanabana vimaiki vidogo kwenye kila amu wakaendesha wanasikiliza. Ile linki kwa nje ukiiangalia ni nzima kabisa, lakini ukifunua kiraba cha jointi kimechanika nyuma, upande usioonekana, ndani grisi imekwisha kumebaki unga wa kutu mwekundu, na kile kibolti unakichezesha kwa kidole kimoja kinaenda na kurudi tik, tik. Kitu kidogo hivyo. Mimi nimenunua shokapu mbili.

Na siyo kwamba kila mlio ni linki, msinielewe vibaya. Ingekuwa inagonga mara moja nikikanyaga mafuta au nikiachia, au nikitoa rivasi kuingiza mbele, ningeelewa mtu akianzia kwenye maunti za difu (gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa matairi) na fremu inayoibeba. Nissan 350Z zinajulikana kwa bushi ya difu yenye majimaji ndani inayopasuka na kuvuja, na BMW E46, hasa M3, zinajulikana kwa bodi kupasuka pale fremu ya nyuma inapofungwa, hilo usipoliangalia mapema ni kilio. Ingekuwa inanguruma inapanda na spidi na kubadilika ukikata kona, ni beringi. Ingekuwa inanyamaza ukigusa breki kidogo, angalia pedi na pini za kalipa (kile kinachobana pedi za breki). Na kabla ya yote toa jeki na takataka zote kwenye buti, sheria namba moja, wala haihitaji spana.

Sasa cha kuongezea uchungu. Linki mpya imefungwa, kugonga kumeisha, lakini nimebaki na mlio mwingine ambao SIKUWA NAO kabla ya ile gereji: kwiiii, kama mlango wa kabati, kila gari ikipanda na kushuka. Jamaa kamwagia maji bushi za amu za chini, ukanyamaza, zilipokauka ukarudi. Kumbe walipotoa springi walikaza bolti za amu magurudumu yakiwa yananing'inia. Bushi ya raba ya kwenye amu haizunguki kama ile ya stabilaiza, imegandishwa ndani na nje, inajipinda tu. Ukiikaza gari ikiwa juu, ikishuka chini inakaa imejipinda muda wote, italia na itachanika kabla ya wakati wake. Bolti zinalegezwa, gari inakalishwa kwenye kimo chake, ndo zinakazwa kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Hicho siyo kitu cha siri, kimeandikwa kwenye manyuo (vitabu vya ufundi) za magari kibao.

Nimewapigia, wanasema wapake grisi. GRISI kwenye raba! Grisi ya kawaida ina mafuta yanayotokana na petroli, na hayo yanavimbisha raba mpaka inakuwa laini kama ubani wa kutafuna. Nimewaambia walegeze wakaze upya kama inavyotakiwa, wananitajia hela ya ufundi, yaani nilipie kurekebisha walichoharibu wao.

Hapo ndo nilipo. Silipi. Mwenye uzoefu wa kuwabana gereji ya aina hii aniambie alifanyaje mpaka wakarudia kazi bure, na kama bushi zangu zimekaa hivyo zinajipinda muda wote huu, nikikaza upya zitapona au ndo nijiandae kununua mpya?